Neno la Siri la Mkwe

Ujumbe uliingia saa nane na dakika kumi na mbili mchana.

*Mashudu yamefika sokoni. Saa kumi yanaliwa.*

Pantaleo aliusoma mara moja, akaufuta.

Maana yake ilikuwa fupi. Lori lililobeba kaboni ya dhahabu kutoka Bugarama, iliyofichwa chini ya magunia ya mashudu ya pamba, lilikuwa tayari ndani ya uwanja wa malori, Isaka. Saa kumi kamili msafara wa mizigo ya nje ungeondoka kuelekea mpakani. Lori hilo lingeondoka katikati ya msafara, karatasi zake zimegongwa mihuri yote.

Lori lipi?

Mbele yake yalisimama malori mia moja arobaini na matatu. Alikuwa ameyahesabu.

Alivaa kizibao cha wauza laini za simu, na begi dogo kifuani. Ndani ya begi mlikuwa na vocha, laini hamsini, Glock 19, redio ya Motorola yenye waya wa sikioni, na kipima madini cha mkononi kilichofanana na drili ya fundi seremala. Chini kabisa, ndani ya soksi, kilikuwamo kifaa ambacho hakukigusa kwa siku kumi na mbili.

Ruta ya mfukoni. Ukubwa wake kipande cha sabuni ya kuogea.

Simu ilitetemeka. Mkuu wa operesheni, Melania, akiwa Shinyanga.

"Umeupata?"

"Nimeupata, mkuu. Taarifa imetoka kwa nani?"

"Kwa Vumilia, yule binti wa mtamboni."

Pantaleo alibana simu sikioni.

"Ameitoa mwenyewe leo asubuhi," Melania aliendelea. "Siku ya kumi na mbili tumemfungia, anaomba kalamu, anatuchorea safari za lori kana kwamba bado yuko kazini kwetu. Mimi simwamini. Alituuza mara ya kwanza, anaweza kutuuza tena. Ndiyo maana nimetoa watu wawili tu na gari moja."

"Na lori likikosekana?"

"Saa kumi na mbili jioni jalada lake linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Uhujumu uchumi. Na unajua shitaka hilo halina dhamana."

"Najua, mkuu."

"Una saa moja na dakika arobaini na tano."

Simu ikakatika.

Pantaleo alijua na jambo jingine, ambalo Melania hakulijua. Vumilia hakumuuza mtu yeyote.

Aliyeharibu kazi alikuwa Pantaleo mwenyewe.

*

Kosa lilianzia ukweni.

Kitengo chao cha siri cha kukamata magendo ya madini kilimteua kwa sababu moja nzuri: alioa Bugarama. Fundi wa intaneti za majumbani anayekuja kutafuta wateja na kulala kwa wakwe zake haulizwi maswali. Alipewa ruta mbili, moja ya kazi na moja ya kujifichia, ya kuwaonyesha wateja. Kanuni ilisema: kifaa kimoja, kazi moja. Wiki ya kwanza ruta ya kujifichia ilivimba betri ikafa. Ilimpasa aagize nyingine. Hakuagiza. Akaitumia ile ya kazi kwa yote mawili, akaipa jina la biashara yake ya uongo: FUNDI PANTA.

Siku ya tatu asubuhi, sauti ilitoka upande wa pili wa pazia. Kwa miaka sita Pantaleo alimjua mama mkwe wake kwa sauti na kwa pindo la khanga tu, kama inavyompasa mkwe wa Kisukuma. Hakumpa mkono. Hakula naye. Hakumtazama usoni.

"Mwangaluka, mayu," Pantaleo alimwamkia mama yule kwa Kisukuma, akiinamisha kichwa ingawa hakuna aliyemwona.

"Mwangaluka, mkwe. Nasikia una kadudu ka intaneti humo chumbani."

"Ninako, mayu."

"Noela ananipigia video kutoka Dodoma, mjukuu wangu anakwama kwenye kioo mdomo wazi kama kambale. Bando langu halifiki hata mwisho wa salamu."

Pantaleo alitazama kidole gumba cha mguu wake.

"Nitakuunganisha, mayu."

"Pasiwedi yake?"

Ilikuwa ya herufi kumi na sita, zimechanganywa na namba na vistari. Hakuweza kuingia kumwandikia. Hakuweza kumtajia mama mkwe takataka ile kupitia pazia. Akaibadilisha palepale, akaweka jambo ambalo nyumba nzima ililijua.

"Ng'ombe kumi na nne, mayu. Unaandika *ngombe*, bila alama yoyote, halafu moja, nne."

Nyuma ya pazia mama yule alicheka mpaka akakohoa. Ng'ombe kumi na nne ndio waliotolewa kumwoa Noela.

"Hiyo hata akili ikinihama siisahau! Na yule wa jicho moja, ulimhesabu?"

"Nilimhesabu, mayu."

"Haya. Mungu akuzidishie zizi."

Kanuni ya pili ilisema neno la siri libadilishwe kila baada ya saa ishirini na nne. Kesho yake aliifikiria kanuni hiyo akiwa ameshika ruta mkononi. Kubadilisha kungekuwa kumnyang'anya mama mkwe kitu alichokwisha kupewa, sawa na kurudi ukweni, kufungua zizi na kuswaga ng'ombe wako nyumbani. Mkwe hafanyi hivyo. Wala mkwe hamwagizi mama mkwe asimwambie mtu.

Akaliacha.

Mama Noela alikuwa mkarimu. Kila aliyepita kumsalimu alipewa maji ya kunywa, kisha akapewa ng'ombe kumi na nne. Jioni, watu walikaa wamepanga migongo kwenye ukuta wa chumba cha Pantaleo, nyuso zao zikiwaka kwa mwanga wa simu. Mmoja wao alikuwa Luka, mtoto wa kaka yake Mama Noela.

Luka alikuwa dereva wa Donatus. Na Donatus, mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu pale Bugarama, ndiye aliyekuwa akiwindwa na Kitengo. Kaboni yake, zile chembe nyeusi zinazonyonya dhahabu ndani ya matangi, ilikuwa ikivuka mpaka kabla haijachomwa wala kupimwa na mtu wa serikali. Asiyejua angeona mkaa uliosagwa. Vumilia, mpimaji wa kaboni kwenye mtambo huo, alijua. Ndiye aliyekubali kuwapa Kitengo siku, saa na njia.

Alhamisi ile, siku kumi na mbili zilizopita, Pantaleo alijibanza nyuma ya makontena hapahapa Isaka, ruta imewashwa begini ili picha za kamera yake zimfikie mwenzake, Salmini. Lori likaingia. Likapunguza mwendo. Likakaribia hatua ishirini.

Kisha, bila sababu iliyoonekana, likageuza na kutoka kwa kasi. Salmini alilifukuza hadi njia panda, akalipoteza ndani ya vumbi.

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, peke yake garini, Pantaleo alifungua orodha ya vifaa vilivyojiunga na ruta yake. Simu yake. Kamera yake. Na kifaa cha tatu, kwa sekunde arobaini na moja:

Luka-Spark.

Simu ya Luka, Tecno Spark ya kawaida, ililitambua jina ililolizoea, ikajiunga yenyewe. Luka akatazama kioo, akaona FUNDI PANTA, akaelewa. Fundi wa Bugarama yuko Isaka, tena yuko jirani mno.

Pantaleo aliifuta orodha. Kwa Salmini akasema ruta imeharibika. Alipofika ofisini alikuta Melania amekwisha kuandika: *Chanzo cha kuvuja kwa siri: mtoa taarifa.* Chini palikuwa na nafasi ya sahihi.

Akaweka sahihi.

Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kwa siku kumi na mbili, kila alipoukumbuka utulivu wa mkono ule, uso ulimchoma.

*

"Moja-Tisa, unanipata?" redio ilimwita sikioni kwa jina lake la kazi.

"Nakupata, Salmini."

"Niko juu ya ghala. Darubini inaona migongo ya malori tu. Wamebadilisha rangi, wamebadilisha namba. Mashudu yako kwenye malori kumi na manane. Tuyafungue?"

"Tukifungua la kwanza, tunalolitaka litakuwa limekwisha kuondoka."

"Basi tufanyeje, kaka? Tupige ramli?"

Pantaleo alipita katikati ya safu akiwa na kibango cha laini mkononi. Chini ya tela moja, madereva wanne walikuwa wakisonga ugali kwenye jiko la gesi.

"Wewe wa laini!" utingo mmoja aliita. "Niwashie hotspoti nimwone mama watoto."

"Nunua bando."

"Mchoyo! Watu wa Isaka mna mikono mifupi. Bugarama kuna fundi anagawa bure kitongoji kizima, hata kuku wana intaneti."

"Huyo anatafuta udiwani," dereva mzee alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Au anatafuta mke."

"Mke anaye. Nasikia ni mkwe wa watu hapo hapo."

"Basi ni mjinga tu," akahitimisha mzee, na wote wakacheka.

Pantaleo naye alicheka. Ilimbidi. Aliuza laini moja, akasogea, akasimama kwenye kivuli cha kontena. Saa tisa na dakika kumi.

Njia ya kulipata lori alikuwa nayo tangu asubuhi. Alikuwa ameikwepa kama mtu anavyokwepa mtaa wa mtu anayemdai.

Luka hakuwa mjinga. Baada ya Alhamisi ile asingelifuta jina FUNDI PANTA kwenye simu yake. Mwizi akipewa kengele ya bure haitupi. Angeiacha simu vilevile, waifai wazi, kusudi jina likitokea tu akimbie. Sasa ukiwasha ruta na kupita safu kwa safu, utakuwa kama mtu anayepiga kichaka kwa fimbo. Kanga atakayeruka ndiye uliyemtaka.

Lakini orodha ingeandikwa upya. Luka-Spark. Na mtu yeyote mwenye akili angeuliza swali moja tu.

Angeweza kuisoma orodha mwenyewe kwenye simu yake, kimya kimya, kama mara ya kwanza. Ila anayetembea akitazama simu hamwoni dereva aliyeshika spana. Alihitaji jicho la pili. Na jicho hilo lilikuwa la Salmini, aliyefanya naye kazi miaka minne na kumtetea mara mbili mbele ya wakubwa.

Huko Shinyanga Vumilia alikuwa akisubiri saa kumi na mbili.

Pantaleo alifungua soksi.

"Salmini. Shuka. Peleka Land Cruiser langoni, liweke ubavu barabarani. Nakutumia kiungo cha ruta yangu. Kifungue kwenye kishikwambi, utaona orodha ya vifaa. Kikiingia chochote zaidi ya simu yangu, niambie papo hapo."



"Ruta? Si ulisema imeharibika?"

"Nilisema hivyo."

"Pantaleo..."

"Kwanza langoni."

Aliibonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akairudisha begini, akaanza kutembea.

Safu ya kwanza. Scania tupu. Scania tupu.

"Hakuna," alisema Salmini.

Safu ya pili. Mbolea, ngano, vyuma.

"Hakuna."

Safu ya tatu. Jua lilikuwa juu ya mabati na harufu ya dizeli imeganda hewani. Mita thelathini. Hamsini. Alipita lori la mashudu. La pili. Madereva walikuwa wamelala chini ya injini.

"Hakuna. Una uhakika na hii ramli yako?"

Safu ya nne.

"Simama!" Sauti ya Salmini ilipanda. "Kimeingia. Luka-Spark. Nguvu ya mawimbi ndogo... inaongezeka. Inaongezeka. Huyu Luka ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Shemeji yako? Na neno la siri la ruta ya Kitengo kalitoa wapi?"

"Baadaye."

"Pantaleo, kalitoa wapi?"

"Baadaye, Salmini!"

Hatua kumi mbele, injini ya lori la kijani aina ya Howo iliunguruma. Moshi mweusi ukapasuka juu. Halikupiga honi wala kuwasha taa. Lilitoka kwenye safu kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki, likagonga kioo cha jirani yake, likanyoosha kuelekea njia kuu ya uwanja.

Kanga ameruka.

Pantaleo alikimbia.

Kichwa cha Luka kilitokeza dirishani. Alikuwa anacheka kwa hofu.

"Shemeji! Hata huku unagawa mtandao?"

Mlango wa abiria ukafunguka. Mkono ukatoka. Bastola.

Pa!

Risasi ililia kwenye kontena. Pantaleo alijitupa chini ya tela lililosimama, akabiringika, akatokea upande wa pili akiwa na Glock mkononi. Howo lilikuwa likimpita. Mlinzi wa Donatus alining'inia mlangoni akitafuta shabaha.

Pantaleo alifyatua mara moja.

Mkono ukafunguka. Bastola ikaanguka vumbini. Mlinzi akajirudisha ndani akiushika mkono wake na kumwita mama yake.

Pantaleo alirukia ngazi ya dereva, mkono wa kushoto ukashika chuma cha kioo. Luka aliinua spana ya magurudumu, akampiga begani. Maumivu yalishuka hadi vidoleni. Spana ikapanda tena.

"Achia, shemeji! Utakufa!"

Lango lilikuwa mita mia moja mbele. Land Cruiser lilisimama ubavu, na Salmini nyuma yake.

Mita sitini.

Pantaleo aliingiza mwili wake wote dirishani, kichwa kikamgonga Luka kidevuni. Mkono ukapapasa mbele ya usukani. Kitufe chekundu cha breki ya upepo.

Akakivuta.

Lori lilipiga kelele. Magurudumu yote yakakaza kwa pamoja, tela likayumba, vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, bampa la Howo lilikuwa hatua mbili kutoka mlango wa Land Cruiser. Salmini hakuwa amesogea.

"Mikono juu ya usukani, Luka."

Luka aliiweka. Midomo yake ilikuwa inavuja damu.

"Sisi ndugu, shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Shangazi atajisikiaje?"

"Ataona aibu," Pantaleo alijibu. "Na si kwa ajili yako peke yako."

Walipanda juu ya tela. Tabaka la kwanza mashudu. La pili mashudu. Pantaleo alichoma kisu kwenye gunia la tatu, chembe nyeusi zikamwagika miguuni kama mtama. Alielekeza kipima madini, akabonyeza kitufe. Sekunde kumi. Kioo kikaandika namba, na mbele ya namba alama ya dhahabu.

Magunia thelathini. Kiasi cha kilo nne za dhahabu, bila hata chembe moja inayong'aa.

Madereva walikuwa wamekusanyika. Mzee wa ugali alimtazama muuza laini mwenye bastola kiunoni, akarudi nyuma hatua moja.

*

Salmini alisubiri hadi Luka na mlinzi walipofungwa pingu. Kisha akaja na kishikwambi.

"Sasa ndiyo baadaye."

Pantaleo alimweleza. Betri iliyovimba. Pazia. Ng'ombe kumi na nne. Sekunde arobaini na moja. Alisema kwa mfuatano, bila kupunguza, kama anavyosoma ripoti.

Salmini alipangusa vumbi kwenye kioo cha kishikwambi.

"Mimi pia nina mama mkwe," alisema. "Angeniomba figo, ningeuliza ya kushoto au ya kulia." Akasogeza kidole juu ya kioo. "Orodha hii tumeiona wawili. Lori tumelipata. Donatus atakamatwa. Tutaandika kwamba tulibahatisha. Nikibonyeza hapa, hakuna kilichotokea."

"Na Vumilia?"

"Ataachiwa. Taarifa yake ya leo imekuwa kweli."

"Ataachiwa kama msaliti aliyejirudi."

"Ataachiwa, Pantaleo. Watu wengine hawapati hata hilo."

Kidole cha Salmini kilikuwa bado hewani. Hakikuwa kidole cha mtu mbaya. Pantaleo aliufahamu uzito wa kishawishi kile. Alikwisha kukibeba siku kumi na mbili.

"Usibonyeze."

Alipiga simu Shinyanga. Saa kumi kasorobo.

"Lori tumelikamata, mkuu. Kaboni magunia thelathini. Dereva na mlinzi tunao. Donatus achukuliwe sasa hivi kabla hajapata habari."

"Safi sana!" Melania alisema, na kwa mbali akasikika akitoa amri kwa mtu mwingine. Kisha akarudi. "Kumbe yule binti leo kasema kweli."

"Alisema kweli na mara ya kwanza, mkuu. Siri ilivuja kupitia ruta yangu. Nilitoa neno la siri ukweni, sikulibadilisha. Nililijua kosa siku hiyohiyo. Nikafuta orodha, nikasaini ripoti yako."



"Rudia."

Alirudia, neno kwa neno.

"Njoo," alisema Melania.

*

Nyumba ya Kitengo ilikuwa kwenye mtaa wa kimya Shinyanga mjini, geti jeusi, bila kibao. Pantaleo aliingia saa kumi na moja na nusu, vumbi la Isaka bado liko nywelini. Jalada lilikuwa mezani mbele ya Melania, limefungwa.

Vumilia aliletwa akiwa na kikapu mkononi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, ngozi ya vidole imepasuka kwa dawa za mtambo. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Melania kwa heshima, shikamoo kamili, kama hakuna kilichotokea. Hiyo nayo ilikuwa ngumu kuitazama.

"Kumetokea kosa, Vumilia," alisema Melania.

"Kosa lina mwenyewe, mama."

"Ni langu," alisema Pantaleo.

Akamweleza aliyomweleza Salmini. Vumilia alisikiliza macho yakiwa kwenye mdomo wake, kama mtu anayetazama mshale wa mizani usogee mahali pake.

"Ulijua lini kwamba si mimi?"

"Alhamisi ileile. Saa kumi na dakika ishirini."

"Mimi nilikamatwa saa moja jioni. Nilikuwa nimebandika maharage." Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo zilikuwapo saa mbili na dakika arobaini."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Hilo hakulitegemea. Alitafuta jibu lenye nafuu, hakulipata.

"Nilisaini ripoti. Kisha nilikunywa chai."

Vumilia alitikisa kichwa taratibu, akikubali kipimo.

"Naomba radhi," alisema Pantaleo.

"Radhi yako iweke kwanza. Walikwenda Kishapu kwa baba yangu, walinzi wenu wamenisimulia. Wakampekua mbele ya majirani, wakamwaga mtama wake uani wakitafuta dhahabu. Leo baba haendi gulioni kuuza mbuzi, kwa sababu akipita wanaulizana binti yake ameificha wapi."

"Kitengo kitaandika barua," alisema Melania. "Yenye muhuri."

"Baba hasomi barua, mama. Wale waliomcheka hawasomi barua. Walisikia kwa masikio, na watasikia kwa masikio." Akamgeukia Pantaleo. "Kesho ni gulio la Mhunze, hukohuko Kishapu. Utakwenda kusimama pale useme."

"Haiwezekani." Melania aliinuka. "Huyu ni afisa wa siri. Akisimama mbele ya umati ajitaje, sura yake imekwisha. Hatafanya kazi hii tena maisha yake yote."

"Na sura yangu mimi?" aliuliza Vumilia.

Melania aliketi tena.

Pantaleo alitoa Glock, akaondoa magazini, akaviweka mezani kimoja kimoja. Redio. Kitambulisho. Ruta. Bega lilimuuma alipoinama. Alifikiria habari ikifika Bugarama, pazia likitulia, sauti ya nyuma yake ikikosa la kusema. Hata aibu hiyo ingemfikia yeye. Aliistahili.

"Gulio linajaa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa tatu na nusu nitakuwa pale. Nitataja jina langu na kazi yangu. Nitasema wewe hukuiba wala hukumuuza mtu. Nitasema nilijua, nikanyamaza."

"Na chai?"

Uso ulimchoma.

"Na chai."

Vumilia alichukua kikapu chake, akatoka bila kuaga, akasimamisha bodaboda barabarani.

Pantaleo alitoka baada yake. Alishuka ngazi bila haraka, akavuka ua, akafungua geti kwa mkono ulio mzima. Nyuma yake Melania aliita mara mbili, "Moja-Tisa! Moja-Tisa!" Hakugeuka. Alishika njia ya kwenda stendi, katikati ya watu waliokuwa wakirudi makwao, akiuliza kila aliyekutana naye gari la kwanza la Mhunze linaondoka saa ngapi.